Bahati ya Nani?

Nianze kwa kukiri. Safari hii niliifunga ili nije niandike. Wako watu wanaosafiri kwa sababu wana shughuli, wengine kwa sababu wana ndugu, na wengine, sisi vijana wa mjini tunaojiita waandishi, tunasafiri kwa sababu tumeishiwa maneno na tunadhani yamejificha mahali fulani mbali na nyumbani. Mimi nilidhani ya kwangu yamejificha milima ya Usambara, kwenye barabara isiyopita gari.

Habari ya gari lazima niieleze kwanza. Mwaka 2018 nilikuwa nakaa Kimara, Dar es Salaam, na karibu kila siku nilikuwa nateremka mjini kwa baiskeli kupitia Barabara ya Morogoro. Anayeijua barabara hiyo hana haja ya kuelezwa. Ukiwa juu ya baiskeli pale wewe si mtu, ni kizuizi. Daladala inakusukumia ukingoni, bodaboda zinakupita kushoto na kulia kwa wakati mmoja, na lori la mchanga linakupigia honi kama vile umelala sebuleni kwake. Siku moja kioo cha pembeni cha daladala kilinigonga kiwiko. Hakikunivunja. Kilinipitia tu, kama mtu anavyokupitia sokoni. Konda akachungulia dirishani, "Mshkaji, uza hiyo ununue nauli!" Abiria wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Kisha nikaenda kukaa chini ya mti mpaka miguu ilipoacha kutetemeka.

Tangu siku ile nikawa naota barabara tupu.

Aliyenipa jina la ugonjwa wangu ni fundi mmoja wa baiskeli, mwenye kijiwe chini ya mwarobaini pale Magomeni. Fundi huyu husoma kila gazeti linalofungiwa spea. Akaniambia kwamba Marekani kuna watu walioikimbia lami kama ninavyotaka kuikimbia mimi, na wameigeuza mbio. Baadaye nilifuatilia nikakuta ni kweli. Mwaka 2006, katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas, watu 34 walijipanga kushindana maili 200, yaani zaidi ya kilomita 320, kwenye barabara za changarawe za mashambani. Kutoka kwenye kundi lile dogo mchezo ukakua, na kufikia mwaka 2022 Italia iliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za changarawe.

"Sasa hiyo baiskeli ya changarawe ikoje?" nilimwuliza fundi.

"Ni ya mashindano iliyokubali kuwa ya shamba," alinijibu. Usukani umepinda kwa chini kama pembe za kondoo, mwili mwepesi, lakini tairi ni nene na lina meno, na gia zake ni laini za kutosha kupandia ukuta. Mpya hatukuwa na uwezo nayo. Tulichukua mtumba mmoja wa Ulaya uliokuwa umelala muda mrefu, fundi akaupanua hapa, akaukata pale, akaufunga tairi za milimita 40, akautia breki mpya. Ukiitazama kwa mbali ni ya maana. Ukiisogelea unaona ina rangi tatu.

Somo alilonipa siku ya kuichukua lilikuwa la upepo. Kwenye lami, alisema, unajaza tairi mpaka ligome. Kwenye changarawe unapunguza, tairi lilale kidogo, lishike mawe, likubembeleze. "Lakini usipunguze ukiwa na haraka," akaongeza. "Tairi lenye upepo mdogo halitaki fujo." Nililisikia neno hilo kama tunavyoyasikia maneno ya wakubwa.

Mwezi Juni nikapanda basi asubuhi, baiskeli iko ubavuni mwa mizigo, tukapita Chalinze, Segera, Korogwe, na mchana nikateremka Mombo. Pale ni chini kabisa, mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari, joto linakushika shingo, na mkonge umepangwa kama wanafunzi mstarini. Mlima umesimama mbele yako. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 za lami iliyojibanza kwenye korongo, na mwisho wake uko kwenye mita 1,400 hivi. Nilipanda saa tatu na nusu. Mabasi yalinipita, lakini kwa adabu ya milimani, yanapiga honi kabla ya kona na si baada. Pale Soni nilisimama kuyatazama maporomoko nikajisingizia kwamba ni kwa ajili ya uzuri wake. Ukweli ni kwamba mapaja yalikuwa yamekataa.

Usiku ule Lushoto nilijifunika blanketi mbili, mtu wa Dar, nikafungua daftari. Niliandika sentensi moja: "Ukimya ni mali ya mwisho ya maskini." Nikaipenda sana. Niliisoma kwa sauti mara tatu. Nakuomba, msomaji, uikumbuke sentensi hiyo, maana nitairudia.

Kesho yake nikapanda kuelekea Magamba. Hapo msitu unakuja mpaka barabarani, miti mirefu yenye ndevu za kuvu, mbega wanaruka juu na mikia yao myeupe kama watu wanaotupiana mashuka. Nyuma ya msitu ni mashamba: viazi, karoti, kabichi, kila mteremko umelimwa mpaka unajiuliza mkulima anasimamaje. Njia ya Lukozi haikuwa tupu. Malori ya mboga yalikuwa yanapishana, mboga zinazokuja kuliwa kwetu Dar. Nikala vumbi la kutosha. Nikauliza watu, nikaonyeshwa njia ya pembeni inayokwenda kwenye ukingo wa milima, upande unaotazama tambarare za Mkomazi. "Lakini huko hakupiti gari," kijana mmoja akanionya. Alidhani ananikatisha tamaa.

Jamani, ile njia! Sijui kama nitaweza kuieleza. Udongo mwekundu uliogandamana, juu yake changarawe ndogo ndogo zinazolia chini ya tairi kama bisi kwenye sufuria. Upande wa kushoto ukuta wa mlima, maji yanachuruzika kwenye majani. Upande wa kulia hewa tupu, halafu chini kabisa, tambarare ya kijivu inayokwenda mpaka macho yanachoka. Nilipunguza upepo kama nilivyofundishwa. Mwili unajifunza wenyewe: kupanda, unakaa mbele kidogo ili gurudumu la mbele lisinyanyuke, na unazungusha taratibu, maana ukikaza ghafla tairi la nyuma linakwangua na unasimama. Kushuka, unarudisha makalio nyuma, magoti yamelegea, vidole viwili kwenye breki, unabana na kuachia, unabana na kuachia. Ukibana moja kwa moja kwenye changarawe umejitakia.

Kitu kimoja kilinishangaza. Barabara nyingi za vumbi nilizowahi kupita zina mawimbi-mawimbi, zimekuwa bati. Hii ilikuwa laini. Nikakumbuka maelezo ya fundi: bati linatengenezwa na magari. Gurudumu likizidi mwendo fulani linaanza kurukaruka, kila linapotua linachimba kidogo, linalofuata linatua palepale na kuongeza, na baada ya siku chache barabara nzima ina mbavu. Pasipokuwa na gari hakuna bati. Nilijihisi kama nimegundua dhahabu. Kilomita nyingi zilipita, sikukutana na gari hata moja. Nilikutana na akina mama wenye kuni, mzee mwenye mbuzi wawili, na watoto wanaotoka shule. Nikawa nafikiria jinsi nitakavyoipanga insha yangu.

Kwenye saa tisa alasiri nikafika kijijini. Jina lake sitalitaja, kwa sababu watu wake hawakuniomba niwaandike. Palikuwa na kibanda cha chai, na nje ya kibanda mzee mwenye baraghashia amekaa kwenye benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeharibikiwa na gari?"

"Hapana mzee, sina gari. Natembea na hii baiskeli. Jana nimetoka Mombo."

Akaitazama baiskeli, rangi zake zote tatu. "Ulikosa nauli?"

Nikacheka, nikamweleza. Nilimwambia habari za Barabara ya Morogoro, kiwiko, konda, honi. Alisikiliza vizuri, anatikisa kichwa panapostahili. Chai ya mchaichai ikaja. Basi, mimi kwa kutaka kumpendeza, nikasema: "Nyinyi huku mna bahati, mzee. Barabara nzima sijaona gari."

Mzee akanywa funda moja. Akaweka kikombe.

"Bahati ya nani?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeulizia bei.

Kisha akanieleza. Kilomita nne mbele kulikuwa na kalavati. Masika ya mwaka ule maji yalikuja usiku yakalichukua lote pamoja na kipande cha barabara. Kabla ya hapo lori la mboga lilikuwa linafika Jumanne na Ijumaa. Njia niliyokuja nayo mimi ilikuwa imeshafungwa na udongo sehemu mbili, na kweli, nilikuwa nimeibeba baiskeli begani mara mbili nikaona ni sehemu ya burudani. "Tangu Aprili hatujauza," alisema. "Kabichi zimeoza shambani. Tuliwapa ng'ombe, mpaka ng'ombe nao wamezikinai."

Nililitoa daftari nikaandika: "Ng'ombe wamezikinai kabichi." Niliandika mbele ya macho yake, nikamshukuru, nikalipa chai. Sikuwaza juu ya kabichi. Niliwaza kwamba nimepata sentensi.

Kibandani pale nje walikuwa wamekusanyika watoto kama kumi. Mmoja, wa miaka kumi na moja au kumi na mbili, nitamwita Saidi ingawa si jina lake, alikuwa na baiskeli ya mti. Kama hujaiona, ni mbao ndefu yenye magurudumu mawili ya kuchongwa, yamevishwa utepe wa mpira wa tairi kuukuu, na usukani wa tawi lenye panda. Haina pedali wala mnyororo. Wanaitumia kuteremshia kuni: mzigo unakaa juu, mwenyewe anakaa nyuma ya mzigo, mlima unafanya kazi ya injini. Breki ni kisigino.

"Kaka, tushindane!" akasema Saidi. Wenzake wakapiga makelele.

Nilijibu neno moja tu: "Haya."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kwenda taratibu mpaka mwisho wa mteremko, nikamwacha ashinde, wakafurahi. Lakini nilikuwa na baiskeli ya gia 18, nimevaa kofia ngumu kichwani, na watoto kumi wananitazama, mimi ambaye mjini hakuna anayenitazama isipokuwa kwa kunitukana. Ubishoo ulinipanda. Nilikanyaga. Nyuma yangu nilisikia magurudumu ya mti yananguruma kwenye changarawe, yanakaribia, nikaongeza. Ikaja kona ya kushoto. Nikabana, nikaachia, nikabana, nikapita. Ule mngurumo wa nyuma ukakatika.

Niligeuza. Saidi alikuwa chini ya ukingo, mita tatu hivi, kwenye majani. Paji la uso linatoka damu na mguu wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Hakuwa analia. Alikuwa anaitazama baiskeli yake iliyovunjika usukani.

Sitaeleza kila kitu. Watu walifika haraka kuliko nilivyotegemea. Mwanamke mmoja mtu mzima akaamrisha asinyanyuliwe, akaomba vijiti viwili vya kunyooka na khanga, akaufunga ule mguu kwa mikono isiyotetemeka hata kidogo. Mama yake Saidi akaja anakimbia na jembe mkononi, alisahau kuliacha. Zahanati? Jengo lilikuwepo, mhudumu hakuwepo. Simu? Mtandao unapatikana kwenye mkaratusi mmoja juu ya kilima. Kijana alitimka mpaka pale akarudi: dereva hapatikani. Bodaboda? Zilikuwa mbili, moja imekwenda gulioni, nyingine haina petroli. Na hata ingekuwepo, mtoto mwenye mguu ule huwezi kumpakia.

Dereva waliyekuwa wanamtafuta ndiye mwenye gari pekee la upande ule, Landrova ya zamani, na alikuwa anakaa kijiji kingine, kilomita kumi ng'ambo ya kalavati. Mpango wao ulikuwa umeshafanyika zamani, nadhani, kwa wagonjwa wengine. Wanaume watambeba kwa machela mpaka kalavatini. Gari lije mpaka kalavatini upande wa pili. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kuliita.

Mama yake Saidi akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, matusi, hata kofi. Akaniuliza, "Wewe na hiyo yako, mna mbio kweli?"

"Ndiyo mama."

"Basi nenda."

Nikaenda. Ilikuwa saa kumi na nusu. Kilomita nne za kwanza ni mteremko, nikazipita bila kuona tambarare wala mbega wala kitu chochote. Kalavatini nikateremka na baiskeli begani, nikavuka kijito kwenye mawe, nikapanda ng'ambo. Hapo barabara ilianza kuwa na mawe makubwa, na mimi nilikuwa nayapiga badala ya kuyakwepa. Nikasikia paf, halafu sauti ile ambayo kila mpanda baiskeli anaijua, ssss.

Ile ni pancha ya upepo mdogo. Tairi likiwa laini, ukilipiga jiwe kwa nguvu, rimu linaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Upepo niliupunguza mwenyewe, ili nibembelezwe.

Nilikuwa na viraka, msasa na solusheni. Tyubu ya akiba sikuwa nayo, niliiacha Lushoto kupunguza uzito. Nikabandua tairi kwa mpini wa kijiko, nikasugua kwa msasa, nikapaka solusheni. Sasa, solusheni ina tabia moja. Haitaki haraka. Ukibandika kiraka ikiwa bado mbichi, haishiki, utatoka hapo utaenda mita mia na upepo utaisha tena. Lazima usubiri ikauke, dakika tano, mpaka ukiigusa isishike kidole. Nilikaa juu ya jiwe, tyubu iko mapajani, nasubiri gundi ikauke.

Dakika tano zile ndizo zilizonileta kuandika makala hii. Milima ilikuwa kimya kabisa. Hakuna honi, hakuna injini, hakuna konda. Ukimya ule ule nilioulipia nauli kutoka Dar. Nami nilikuwa nimetega masikio kama mbwa, naomba Mungu nisikie gari. Gari lolote. Lori la mchanga lenye honi mbovu, daladala, hata ile iliyonigonga kiwiko, hata na yule konda, ningempigia magoti. Nilitega sikio mpaka nikaanza kusikia injini ambazo hazipo. Nikaikumbuka sentensi yangu ya Lushoto. Nikaona aibu nikiwa peke yangu, na hiyo ni aibu nzito, maana huna wa kumtupia lawama.

Kiraka kikashika. Nikajaza upepo mpaka tairi likagoma. Giza lilikuwa linaingia nilipofika kwa dereva. Alikuwa anakula ugali na wanawe. Sikumaliza sentensi ya pili, akanawa mikono. "Selfu imekufa," alisema, "tusukume." Tulisukuma mimi, yeye, wanawe wawili na jirani, mpaka lile Landrova likakohoa, likatoa moshi mweusi, likawaka. Naapa sijapata kusikia muziki mtamu kama ule.

Kalavatini tuliwakuta. Wanaume sita na tochi, machela ya miti na blanketi chini katikati yao, mzee wa baraghashia ameketi pembeni kashika kiatu cha Saidi. Walikuwa wameshamvusha kijito. Mama yake alipoona taa za gari alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, akaketi chini pale pale barabarani, kama mtu aliyekatwa kamba. Tulifika Lushoto saa tano usiku. Hospitali walimpokea, wakamshona paji, wakaufunga ule mguu hogo. Daktari alisema mfupa utaunga.

Nilikaa Lushoto siku tatu zaidi. Siku ya tatu Saidi aliniita kitandani pake.

"Kaka, yako ina breki ngapi?"

"Mbili."

Akafikiri. "Ya kwangu nilikuwa nataka kuitia moja. Sikupata mpira."

Aliniambia kama fundi anavyomweleza fundi mwenzake, basi. Hakunihukumu wala hakunisamehe. Ni mimi niliyetoka nje nikakaa kwenye ngazi. Alikuwa hata hajashindwa mbio, alikosa kipande cha mpira tu.

Nimeendelea kupanda baiskeli. Ningekudanganya kama ningesema niliacha, na sidhani kama kuacha kungemsaidia mtu. Changarawe bado ninaipenda, na bado naamini mtu aliyewahi kuteremka mlima bila kusikia honi ameonja kitu kizuri. Lakini nimepungukiwa na ile imani kwamba hatari yote imebaki mjini. Agosti 2022, Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani, alianguka na kufa kwenye mbio za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Niliposoma habari ile nilikaa muda mrefu. Alikuwa bingwa, amevaa kofia, anaijua changarawe kuliko mimi nitakavyoijua maisha yangu yote. Kasi ni kasi, hata pasipokuwa na gari.

Na nimepungukiwa na imani nyingine, ambayo nadhani inawahusu wenzangu mnaoandika. Tunakwenda kwa watu na daftari. Tunaona barabara tupu tunaandika "utulivu." Tunaona nyumba haina umeme tunaandika "nyota." Hatuulizi kwa nini ni tupu, wala tangu lini. Sisemi tusiandike nyota, nyota zipo na ni nzuri. Nasema tu kwamba mwenye nyumba naye anaziona, na anaujua uzuri wake kuliko wewe, na bado anataka taa. Ile sentensi yangu ya ukimya na mali ya maskini niliifuta. Ya ng'ombe na kabichi nimeiacha, lakini si yangu. Ni ya mzee, na ilikuwa ni malalamiko, haikuwa tamathali ya usemi.

Nilimtumia Saidi mpira wa breki na waya, pamoja na barua ya maelekezo. Baadaye nilisikia kwamba maelekezo hakuyafuata, alifunga kwa namna yake, na ikafanya kazi vizuri zaidi.

Mwaka uliofuata, siku moja nipo foleni Kimara na baiskeli yangu, katikati ya honi, simu ikaita. Ilikuwa namba nisiyoijua. Alikuwa mzee wa baraghashia, amepanda mpaka kwenye mkaratusi.

"Mwanangu," akasema baada ya salamu, na salamu zilikuwa ndefu, "kalavati limejengwa. Lori linakuja, Jumanne na Ijumaa. Ila barabara sasa hutaipenda. Imeanza kuwa bati."

Lori lilikuwa linanipigia honi nyuma yangu. Nilisogea ukingoni nikalipisha.

"Nitakuja kuipanda hivyo hivyo, mzee," nikamwambia.